Mizani Mbili

Mizani ya Rifki mnunuzi ni ya chuma,
imesimama mlangoni mwa ghala lake kule Bulancak.
Magunia yangu huipanda yakigumia.
Yeye huchota konzi moja, huvunja, hupuliza maganda,
hupima viini, kisha hunitazama kama mtu aliyefiwa:
"Hazeli zako nyepesi mwaka huu, Yavuz."
Nami hubishana naye gramu kwa gramu
mpaka chai ipoe.

Mizani ya nyumbani inaenea kiganjani.
Safiye huiweka mezani kabla ya sahani,
kabla ya chumvi, kabla ya bismillahi.
Hapo hakuna wa kubishana naye.
Kiazi, gramu sitini.
Wali, vijiko viwili, kisha nusu kijiko inarudi sufuriani.
Mkate ni ule unaoletwa kwa posta,
unaomeguka kama chokaa.
Nyama, hapana. Yai, hapana. Jibini, hapana.
Na hazeli,
zilizomlipa mkunga, zilizoezeka paa hili,
hapana.

Siku ya tano ya maisha yake walimchoma kisigino.
Tone moja juu ya karatasi likaenda Trabzon,
likarudi neno refu kuliko mtoto:
fenilketonuria.
Nililitamka garini njia nzima
ili nikifika kwa mama nisikwame.
Nikakwama.

Mama yangu Hacer hakuamini ugonjwa usio na homa.
"Mtoto ana mashavu kama tufaha," alisema,
"kidogo tu hakimdhuru."
Haba na haba, mama.
Wewe ndiye uliyenifundisha kibaba hujaa vipi.
Alinyamaza. Tangu siku ile
hula jibini lake amesimama, nyuma ya zizi,
kama kijana anayeficha sigara.

Defne ana miaka minne.
Mara tatu kwa siku hunywa maziwa yake ya dawa
kaibana pua kwa vidole.
Yananuka kamba iliyolowa ikasahauliwa.
Kisha hunionyesha kikombe: kitupu, baba, ona.
Naona.
Sijamwambia kwamba siku moja niliyaonja
nikayatema kwenye sinki.

Agosti. Mteremko wetu ni mkali,
hata magunia tunayashusha kwa waya.
Wachumaji wameinama, ukungu unapanda,
nami nahangaika na turubai kabla ya mvua
ndipo nikamwona, kachuchumaa kando ya lundo,
shavu moja limevimba.
Sikupiga kelele. Nilipiga magoti, nikakinga kiganja.
Akaitema: hazeli nzima, ganda halijapasuka,
inang'aa mate.
"Sikuitafuna," akasema. "Nilikuwa namtunzia bibi."

Usiku Safiye alikaa na kalamu na daftari.
Akaandika, akafuta, akaandika.
Akaondoa kipande cha kiazi sahanini,
akaivunja hazeli ile ile, akaiweka mizanini.
Namba ikacheza. Ikatulia.
Gramu moja.
Mama alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.
Hakuna kati yetu aliyekuwa amekaa sawasawa.

Defne akatafuna, macho kafumba,
polepole, kwa jino la mbele kwanza,
nasi tukamtazama
kama ninavyomtazama Rifki
mkono wake unapoingia guniani.

"Ina ladha ya mlango," akasema.
Akanyoosha kiganja:
"Nirudishieni kiazi changu."

Safiye akaangalia daftari, akaniangalia mimi.
Kiazi tulikuwa tumeshakiuza.
Defne akalia, kilio kizima, cha mtoto yeyote
aliyedhulumiwa sokoni,
mama akatoka nje kucheka, au sijui,
sikumfuata.

Kile kipande kililala mezani hadi asubuhi
kando ya mizani iliyozimwa.
Hakuna aliyethubutu kukila.