Chaki Juu ya Tairi

Kijana wa pampu pale barabara ya Njoro haulizi.
Anapachika mpira kwenye valvu, anasema,
"Thelathini na tano, mwalimu, zote nne,"
kama anavyomjazia mwenye Probox ya maziwa.
Namshika mkono. Kibiwott, ngoja.
Hili ni gari jepesi, viti viwili, limekaa chini
hata mbwa wa jirani hulitazama machoni.
Ukilijaza hivyo litarukaruka kama bisi sufuriani,
na kona ya kwanza litanitema kwenye shamba la ngano.

Ubavuni mwa tairi imeandikwa arubaini na nne.
Huo ni mpaka, si ushauri.
Nani hujaza mtungi hadi mdomoni
akitaka kuubeba kichwani?

Kibati cha kiwandani, pale mlangoni, kimeliwa na kutu
kikabakiza tarakimu moja, 2,
na 2 peke yake si jibu.
Ningemnyima alama mtoto yeyote.

Basi nikarudi kwa kaka yangu Khisa.
Khisa hayupo tangu Machi, lakini mwandiko wake upo,
penseli, nyuma ya kifuniko cha droo ya dashibodi:
*Asubuhi, kabla ya jua. Mbele 24, nyuma 26.*
"Kabla" amelipigia mstari mara mbili.

Saa kumi na mbili, Section 58,
baridi ya Menengai imelala juu ya boneti.
Tairi hazijaenda popote, hewa imejikunyata ndani.
Hapo ndipo hupimwa.
Ukingoja urudi safari, adhuhuri, tairi zina homa,
geji itakutajia homa hiyo
nawe utatoa hewa usiyodaiwa.

Nikaweka kama alivyoagiza.
Kisha nikatoa chaki.
Miaka thelathini na mmoja ya ubao
imenibakizia boksi moja na nusu.
Nikachora mstari mnene kukatisha kila tairi, bega hadi bega,
nikaendesha polepole, bila kukata kona,
hadi kwenye misonobari, nikarudi.

Katikati chaki ilikuwa imefutika yote.
Mabegani ilibaki nyeupe, huku na huku.
Yaani hewa imezidi: tairi imetunisha kifua,
inakanyaga barabara kwa kitovu.

Nikapunguza ratili moja. Nikachora. Nikaenda.
Kibiwott akanipigia kelele nilipopita,
"Mwalimu, leo unasahihisha?"
Nikapunguza nyingine.
Mbele 22, nyuma 24,
na mstari ukafutika sawasawa, wote,
usukani ukatulia mkononi
kama mtoto aliyekubali kulala.

Lakini Khisa hakukosea hesabu.
Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa kijiti, kwenye vumbi la uani,
na hakukosea.
Nikakaa kizingitini na chai, nikaifanya upya.
Gari lilelile. Tairi za kipimo kilekile. Barabara ileile.
Chai ikapoa.
Kilichobaki ni uzito.

Alikuwa akijaza hewa ya watu wawili.

Kila Jumamosi alituambia anakwenda peke yake,
kulinyoosha gari miguu.
Na kiti cha kushoto, nilichokuwa nikikipangusa tu
bila kukitazama,
kimesukumwa nyuma hadi mwisho wa reli
kwa mtu mwenye miguu mirefu kuliko yeyote wa ukoo wetu.
Matangani watu mia mbili walinipa mkono.
Sikuangalia miguu.

Sijakirudisha kiti mbele.
Nimeandika tarakimu zangu chini ya zake, kwa chaki.
Zitafutika, nitaandika tena.
Na kama siku moja, njia ya Njoro,
mtu mrefu atalitambua gari kwa mlio
akanyanyua mkono nusu, akausitisha,
nitasimama.
Geji iko ndani.
Tutaongeza mbili mbele, mbili nyuma.