Ngoma Yenye Shingo

Babu Verlin alinyoa vichwa vya wachimba makaa
kwa robo dola, na weusi wa shimoni
ulibaki kwenye meno ya kitana hata ukiosha mara tatu.
Lakini Alhamisi, saa mbili usiku,
kiti cha kunyolea kilisukumwa ukutani,
nywele zikafagiwa, na vyombo vikatolewa masandukuni
kama watoto waliolala na nguo za safari.

Kipaza sauti kilikuwa kimoja tu.
Ndiyo maana walicheza vile, bega kwa bega:
wa mandolini anakuja mbele, anasema lake, anarudi kinyumenyume;
wa fidla anapenya chini ya kwapa la wa gitaa;
na besi, jitu lile, limesimama nyuma
likihesabu kama mama anayehesabu sahani.
Hakuna aliyemgonga mwenzake.
Nilikuwa na miaka tisa, juu ya rundo la taulo,
nikidhani hivyo ndivyo watu wazima wanavyoishi.

Kisha Babu na banjo lake.
Vidole vitatu, kucha za bati,
mvua ya mawe juu ya paa la kanisa.
Waliimba reli, kaburi la mama, binti aliyeachwa mtoni,
mambo ya kuliza, kwa mwendo wa mtu anayekimbia moto,
na Dewey Sturgill juu kabisa, sauti nyembamba,
pale inapokaribia kukatika na haikatiki.
Redio iliuita blugrasi. Babu aliuita wetu.
"Umetoka milimani humu kama maji," alisema.
"Haukuletwa na mtu."

Alikufa Februari. Banjo likanijia mimi.

Ngoma ivumayo sana hupasuka:
mvua za Aprili, unyevu ukipanda kutoka kijitoni,
ngozi ilipasuka usiku, mlio mmoja,
nikadhani ni bunduki ya jirani.
Nikafungua skrubu ishirini na nne,
nikaitoa ile bangili ya mbao inayobeba ngozi.
Ndani, mahali ambapo jicho halifiki,
kwa penseli:
*Jubal Tarwater. Nimeikunja mwenyewe. Kwa Lettie.*

Tarwater.
Upande wa pili wa reli
kulikuwa na Tarwater watano kwenye kitabu cha simu,
na makaburi yao hayakuwa ndani ya ua wa kanisa letu.
Babu aliwanyoa?
Kwenye kile kiti, hapana.

Bibi Odessa Tarwater alifungua kwanza mlango wa mbao;
ule wa wavu akauacha katikati yetu.
Nikamwonyesha bangili.
Hakutafuta miwani. Baada ya muda akafungua na wavu,
akapitisha kidole gumba juu ya herufi,
akaingia ndani, akarudi na Biblia nzito,
na kwenye ukurasa wa waliozaliwa na waliokufa, J ile ile,
yenye mkia kama wa paka aliyekasirika.

"Baba wa babu yangu alisema la kwanza kabisa lilikuwa kibuyu.
Kibuyu, ngozi na kijiti.
Na aliyelijua hakulipakia melini.
Alilibeba ndani ya kichwa,
maana mikono ilikuwa imefungwa."

Nikasema, lichukue.
Akacheka, si kwa furaha.
"Nikaliweke wapi? Lipige."

Nilishatia ngozi mpya ya ndama.
Nikalipiga pale barazani kama nilivyofundishwa,
mvua ya mawe yote, nikamaliza natoka jasho.
Treni ya makaa ikapita, mabehewa matupu.
Tukangoja iishe.

"Mikono unayo," alisema.
"Lakini mnakimbia, nyinyi. Siku zote mnakimbia.
Nani anawafukuza?"
Akalichukua, akalilaza pajani,
akaulegeza uzi wa tano, ule mfupi,
akaupiga kwa kidole gumba, mara moja,
akangoja
mpaka mbwa akainua kichwa.