Uso wa Nyuma

Baba alimfunga Subal kinyago kisogoni:
uso wa plastiki, masharubu ya wino, macho yasiyofumba.
"Chui milia hamvamii anayemtazama.
Macho yako ya mbele tafutia asali.
Haya mengine mwachie yeye."

Siku ya tatu upepo uliigeuza mashua
kama mtu anavyogeuza chapati.
Maji yalipopwa, Subal alikuwa peke yake
juu ya mizizi ya mikoko,
miaka kumi na mitatu, kiatu kimoja, kopo la asali bila asali.
Akamwita baba. Kima wakamjibu.
Akamwita ami Gobindo. Kima wakanyamaza,
na kima hawanyamazi bure.

Usiku alijifunga mtini kwa shuka lake.
Chini, tope likafyonza: fyo.
Kimya.
Fyo.
Hana haraka huyo. Mwenye nyumba hana haraka.
Subal akaugeuzia msitu kisogo,
kinyago kikakesha, yeye akalala.

Maji kote, na yote chumvi.
Alilamba umande, akakinga mvua kwa kopo,
akala kaa wabichi, miguu ikimchezea mdomoni.
Kima walikuwa wakitupa matunda,
kulungu wakiokota chini.
Akaokota pamoja nao. Hawakumtupia yeye, walitupa tu,
lakini mwenye njaa huamua mwenyewe
kwamba ametupiwa.

Asubuhi moja, akiosha kaa kijitoni,
kulungu wote waliinua shingo kwa pamoja.
Harufu ilifika kwanza. Kisha pumzi.
Hakugeuka.
Bonbibi, mama wa msitu, nishike shingo.
Akahesabu. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba.
Kumi na nane aliisahau.
Nyuma yake nyuso mbili zilikuwa zikitazamana,
na mmoja ulikuwa wa shilingi chache, wa gulioni.
Kisha akasikia maji yakipasuliwa, mtu mkubwa akivuka.
Nyayo zilikuwa pana kama sahani,
zikijaa maji polepole.

Wavuvi wa kaa walimkuta siku ya tisa.
Waliona uso wa plastiki kichakani,
na Phulmoti, aliyeshika kasia, akapiga ukelele.
"Geuka," akamwambia.
Hakugeuka.
"Geuka, mwanangu. Mimi sili watu."
Wakambeba hivyohivyo, kinyumenyume.

Kamba ilikuwa imemchimbia mfereji kwenye paji.
Mama aliikata kwa kisu cha samaki.
Nywele zake mama hazijachanwa tangu waume waingie msituni;
bangili hajazivunja, na anayemshauri azivunje
humwagiwa maji ya ukoko mlangoni.

Kinyago amekitundika msumarini, kinatazama nje.
Ubao wa ngazi ukilia usiku,
Subal hageuki.
Kinyago ndicho kinachoona kwanza
kwamba si baba.