Kistari

Magomeni Mapipa, ghorofa ya pili.
Umeme umekatika saa mbili kasoro
nami nina ukurasa wa Myunani wa kale
uliopita mikono mitatu kunifikia,
na neno moja linanikatalia.
Neno lenyewe ni moja.

Kiswahili hakikuachii useme moja kikavu.
Mtu mmoja. Kiti kimoja. Mahali pamoja,
na hapo tumeshakaa wote.
Moja letu halitoki nje bila kuvaa,
linauliza kwanza: nimeitwa na nani, wa ngeli gani?
Hata ukihesabu tu, moja, mbili, tatu,
lile moja limeshapanga foleni,
lina mbili mgongoni.

Myunani anataka la kabla ya kuvaa,
la kabla ya kuwepo,
lisilofikiri, maana afikiriye
ni wawili: yeye na anachokifikiri.

Nikajaribu kwa vina, kama tulivyofunzwa shule:

    Kilicho cha kwanza kile, hakisemi, hakioni,
    Hakina mbele ya mbele, wala nyuma ya zamani

Nikafurahi robo saa. Mizani imetimia.
Kisha nikasoma tena: kilicho, kile, haki, haki.
Nimekwisha kulivika.
Nimelifanya kiti.

Chini, Shomvi kinyozi anafunga.
Mashine ilimfia katikati ya kichwa cha mteja,
akamalizia kwa mkasi na tochi ya simu.
Sasa anafagia, nasikia.
Akili ni nywele, kila mtu ana zake:
ndivyo lisemavyo bango lake, kwa rangi nyekundu.
Lakini nimeliona lile rundo nyuma ya mlango,
za karani wa bandari, za bwana harusi,
mvi juu ya nyeusi,
na hakuna arudiye akasema hizi zangu.
Labda Akili ya Myunani ni hivyo,
ile ya kwanza kutoka, ya kwanza kugeuka
ikatazama ilikotoka:
kila wazo limo ndani ya kila wazo.
(Shomvi angeuliza, na kodi analipa nani?)

Akili nimeiacha akili.
Tulipewa na Waarabu, ambao nao
walikesha na Wayunani haohao, taa ya mafuta,
wakatafuta, wakatoa hilo.
Leo mama wa chumba cha tatu
anamfokea mwanawe aliyemwaga maziwa:
Huna akili wewe?
Mtoto hajibu. Ni swali gumu.

Saa nne maji ya mgao yakafika.
Tangi la juu ya paa likafurika,
boya lilikatika tangu Pasaka,
maji yakashuka ukutani bila kuitwa na mtu
na Bi Tunu alishatega ndoo.
Nikaruka kitini: hiki ndicho chanzo!
Hakitoi kwa kutaka, kinatoa kwa kujaa.
Lakini mita inazunguka.
Mwisho wa mwezi tutagawana bili
nami nitabishana, najijua.
Cha Myunani hakina mita.

Nikafungua kamusi kwa uchovu tu,
nione tahajia ya neno jingine.
Kwenye M, mwanga wa simu ukiwa asilimia sita:

    -moja

Nimepita hapo maisha yangu yote.
Kistari kifupi, mlango wa chumba cha kuvalia
na ndani hamna nguo,
si m, si ki, si pa,
na bado zote hutokea hapo.

Sijui kama ndicho.
Nimekiita kistari, nacho tayari kina ki.

Nimeandika hivyohivyo, kistari na yote,
nikaacha nafasi mbele yake.
Mhariri atadhani ni kosa la chapa.
Pembeni, kwa penseli: usijaze.

Umeme ukarudi saa saba.
Chini, kwenye duka lililofungwa,
mashine ambayo Shomvi alisahau kuizima
ikaanza kunguruma
bila kichwa.