Wati Tatu

Bahasha ina zloti mia tisa na arubaini.
Nimezihesabu tena ndani ya tramu, kwa kidole gumba,
bila kuzitoa,
kama mtu apimaye kunde zingali gandani.

Łódź, Februari. Theluji imekuwa uji wa kijivu.
Nyuma ya kiwanda kilichofungwa, penye soko la vikuukuu,
Bwana Ludomir ametandika blanketi juu ya meza,
na juu ya blanketi amplifaya tano,
vali zao zimesimama kama chupa za marashi
zilizosahauliwa na mwenyewe.

Nilikwenda na tarakimu kichwani: wati hamsini.
Hamsini, nilidhani, ndiyo heshima.
Akanitazama viatu kwanza.
Chumba kina hatua ngapi?
Tano kwa nne.
Majirani?
Mmoja, juu, ana mtoto mchanga.
Na masikio ni ya nani?

Hapo nikakwama.
Ya baba, nikasema. Yaliyobaki.
Miaka thelathini na moja katikati ya mitambo ya kufuma,
pamba puani, pamba kwenye supu,
pamba kila mahali isipokuwa masikioni.

Akaisukuma mbele ile ndogo kuliko zote.
Wati tatu. Na nusu, umeme ukiamka vizuri.
Transfoma nzito kama deni,
skrubu moja ya nyuma si ya ukoo wake.
Mia nne na ishirini.
"Hii haina misuli," alisema, "ina adabu.
Lakini usiiozeshe kwa spika mvivu.
Spika mvivu hula wati kumi kabla ya kusema hujambo.
Itafutie inayoitika ikiitwa mara moja:
desibeli tisini na tano, omu nane,
koni nyepesi, ukiipulizia ijibu."

Kumbe ilikuwa posa, nami sikuleta mshenga.

Za kwanza zilipendeza kama bwana harusi,
mbao za mjozi, desibeli themanini na nne.
Nilizipapasa. Nakiri. Nilizipapasa tena.
Za pili, bei ya kutupa, na rahisi ghali:
mpira wa ukingoni umeliwa na miaka,
ukiugusa unadondoka makombo.
Za tatu zilikuwa mvunguni mwa meza.
Nikainama, kama methali itakavyo, magoti kwenye uji ule,
nikavuta makasha mawili mapana, mabaya,
rangi ya kabati la shule,
koni za karatasi pana kama sahani,
na juu ya moja, duara la kikombe cha kahawa.

Mia tano na hamsini.
Mia nne na themanini.
Mia tano, na waya nakupa.
Zikabaki ishirini: nauli, mkate mweusi.
Kigari cha theluji cha mjukuu wake
nilikiazima hadi Jumapili.

"Wati ngapi?" baba aliuliza.
Nikaonyesha vidole vitatu.
Akacheka hadi akakohoa.
"Taa ya friji inaizidi."

Vali zilichukua muda wao,
wekundu wa kaa lililofukiwa majivu.
Nikaweka sahani ya piano. Baba hakusikia,
au alisikia mtu akihamisha kabati ghorofa ya tatu.
Akanyanyuka, akalaza kiganja juu ya kasha la kushoto,
akafumba macho kama zamani, mtambo ukiugua.

"Inanguruma," alisema. "Chini kabisa.
Hata piano ikinyamaza."
Nikatega masikio yangu mazima. Sikusikia kitu.
"Waya wa ardhini umeungwa vibaya. Leta bisibisi."

Akachomoa umeme, akanilazimisha kusubiri nusu saa,
akiba yote ikauke,
kisha akainamia tumbo la lile sanduku
huku chai yake ikipoa mara mbili.

Usiku wa saa nne akarudisha kiganja,
akauvuta mkono wangu, akaubandika kando ya wake.
Noti nzito ikapita chini ya mbao.
Pete yake ya ndoa ikagonga, kidogo, kidogo.

"Hiyo!" alisema, kwa sauti kubwa mno,
na juu yetu mtoto akaanza kulia.