Ukingo wa Kushoto

Kundaeli alifika kutoka Himo asubuhi,
akaweka kiganja juu ya injini kabla ya salamu.
Ya baridi. Akaridhika:
sikuipasha moto kuficha kikohozi.

Nikataja bei. Milioni sita na nusu,
kadi ninayo, jina ni langu,
haijawahi kuanguka.

Hakujibu. Akavuta cheni kwa kidole,
akachungulia oili kwenye kioo chake,
akapiga magoti kwenye vumbi la Pasua
kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Kulia tairi limeliwa mpaka ukingoni.
Kushoto bado lina vinyweleo vya kiwandani.
Bwana, ulianguka wapi?"

Kibosho. Mvua za vuli, kokoto konani,
Aikande nyuma yangu.
Goti lake sasa huijua mvua kabla yetu.
Tangu siku ile kila kona ya kushoto
naipita wima, kama niliyebeba trei la mayai.

Akapunguza laki nane. Sikubisha.

Aikande akatoka na helmeti yake nyekundu:
"Hii chukua bure."

Baada ya soko, kona ya kwanza ni ya kushoto.
Tulisimama getini tukisikiliza.
Hakushusha gia.
Aliilaza,
na mke wangu akalishika goti.