Saa Mbili

Alikuja dukani kwangu, mkabala na stendi ya Newala,
ukungu bado umelala juu ya mabati,
akauliza barua ni shilingi ngapi.
Ukurasa elfu moja, nikamwambia, nakala mia tano.
Akafungua pindo la kanga.

Jina? Somoe Nandonde.
Kazi? Mbanguaji, kiwanda cha korosho.
Yahusu nini?
Akanyamaza. Kifuani palikuwa na doa bichi
lililozidi kupanuka huku tukitazamana.

Mtoto ana miezi minne, yuko Luchindu kwa mama mkwe,
anakunywa uji mwepesi na kulia.
"Andika: naomba kwa unyenyekevu mkubwa,
chini ya miguu yenu, kama itawapendeza..."
Vidole vyangu vikagoma.

Ukutani, kati ya kalenda ya benki na bei za kudurufu,
nimebandika karatasi aliyoiacha afisa kazi mmoja alipopita.
Imepauka, ila inasomeka:
mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mwanawe
ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku.
Nikamsomea. Akaomba nirudie. Nikarudia.
"Hiyo ya serikalini," akasema. "Sisi tunalipwa kwa kilo."
Nimeisoma mara nyingi, nikamwambia,
neno kilo sijaliona.

Tukabishana juu ya kitenzi.
Mimi nataka nadai, yeye anataka naomba.
"Nadai ni neno la mtu mwenye unga ndani.
Naomba lina mlango wa nyuma."
Mwisho tukaandika: *Naomba kutumia haki yangu* —
naomba limetangulia, limebeba haki mgongoni.

Umeme ukakatika tukiwa kwenye *ha*.

Tukakaa gizani. Akanionyesha vidole:
mafuta ya ganda yamevila hadi mistari imefutika.
Ile mashine ya mahudhurio haimtambui tena,
kila asubuhi anabonyeza, inamjibu: jaribu tena.
Umeme uliporudi alisaini kwa kalamu,
taratibu, kila herufi na kituo chake.

Siku ya nne huyo, karudi.
Msimamizi Chipanda aliisoma kwa sauti mbele ya meza zote:
"Saa mbili? Saa mbili si ndiyo kengele ya kuingia?
Anayeitaka aje saa moja na nusu aisubiri getini!"
Wakacheka. Hata yeye alicheka, aliniambia,
mzaha ulikuwa mzuri,
na lugha ndiyo iliyomchongea.

Tukaandika upya. *Dakika mia moja na ishirini*,
nusu yake saa nne, nusu yake saa nane,
na namba ya kifungu nikaikoleza wino.
Chini kabisa: *Nakala kwa Afisa Kazi, Mtwara.*
Ile nakala ndiyo iliyotembea.

Miezi saba.
Kisha karatasi yenye mhuri wa zambarau:
ombi lako limekubaliwa.
Alikuja nayo, na mtoto,
naye kasimama ameshika mguu wa meza yangu,
anatafuna kipande cha muhogo kwa meno manne.
"Ziwa kaacha mwenyewe," Somoe akasema.
"Aliacha la mchana kwanza. Halafu la usiku."
Alisema kama anayetaja bei ya sabuni,
akaikunja ile karatasi mara nne, mara nane,
mpaka haikukunjika tena.

Nilitafuta la kumwambia. Nikapanga kalamu zilizokuwa zimepangwa.

Akasogea pembeni. Mlangoni alikuwa msichana,
Asumini, wa meza ya tatu, tumbo limemtangulia,
vidole bado vina ngozi yake.
"Ile barua imo kwenye mashine?"
Imo.
Nikafuta jina moja, nikaandika jingine.
Asumini akainama, akafuata mstari kwa kucha,
akauliza hili *naomba* linafanya nini hapa.
Somoe akanitazama. Nami nikamtazama Somoe.
Nikabonyeza kufuta, herufi moja moja.

Mashine ikatoa karatasi, bado ina joto.
Mia tano ya nakala sikuidai.